Sufuria Iliyozaa

Nyaishozi, mkoani Kagera, yuko bibi mmoja ambaye sufuria yake huzaa. Huchagua boga la duara, akalikata kifuniko upande wa kikonyo, akakomba mbegu na nyuzi zake, kisha akalijaza maharage yaliyokwisha kuiva kwa vitunguu na nyanya. Pembeni ana nyanya chungu ndogondogo alizozitoboa na kuzijaza karanga za kutwanga. Hizo huzizamisha ndani ya maharage zisionekane, akalifunga boga zima kwa majani ya mgomba na kuliacha juu ya moto mdogo mpaka ganda lilegee. Wajukuu wakishakaa, hufunua, huchota kwa upawa, halafu hushtuka kama mtu aliyeona jambo.

“Jamani, sufuria ya jirani imezaa?”

“Imezaa, Bibi!”

“Haya, nani atamlea mtoto wake?”

Mikono yote hunyooka. Mdogo kuliko wote ndiye hupewa nyanya chungu ya kwanza.

Kisa cha Abunuwasi aliyerudisha sufuria ya kuazima pamoja na kasufuria kadogo, akidai imezaa, nani asiyekijua? Wengi wetu tulikisoma shuleni, tukacheka, yakaisha. Bibi yeye alijiuliza sufuria yenye mimba ingekuwa na ladha gani. Naiita kazi hiyo ufundi bila kusita, kwa sababu haitoshi kulipa pishi jina la hadithini. Lazima chakula chenyewe kitende kile ambacho ngano inakisema, tena kwa vitu vilivyomo kibanjani: ndizi, maharage, mboga za majani, karanga. Nyama haimo, na sijawahi kumsikia mtoto akiiulizia.

Ngano za ng'ambo ya mpaka nazo zina nafasi yake. Waganda husimulia kwamba Ggulu, baba yake Nambi, alimfungia Kintu, mchumba wa binti yake, ndani na chakula cha watu mia, akimtaka akimalize peke yake, na ardhi ikapasuka ikakipokea. Basi Bibi huponda ndizi zilizoiva kwa mvuke, huzitandaza juu ya jani, huchimba shimo katikati kwa mwiko na kumimina mchuzi wa mnavu na karanga. Watoto humega kuanzia nje wakichovya ndani, na atakayebomoa ukingo mchuzi ukatoroka ndiye ataosha vyombo. Mwisho huja uji wa ulezi. Ukishaletwa, hakuna ruhusa ya kurudi jikoni, hata kufuata kijiko, kwa kuwa Nambi alirudi kwa baba yake kufuata ulezi wa kuku wake na Kifo kikapata njia ya kumfuata. Nimeona watoto wakinywa uji huo huku wakiuchungulia mlango.

Nacho chungu ambacho Abunuwasi alikitundika mbali na moto, ili kumwaibisha tajiri aliyedai kwamba moto wa mbali humpasha mtu joto, Bibi amekifanyia kikapu cha parachichi na ndizi kisukari zenye limau, kinachoning'inia mtini. Moto huwashwa kweli, mbali kabisa na mti, na watoto huambiwa wangoje kiive.

Wahaya hufungua ngano kwa kumtaka msimulizi aone ili nao wapate kuona. Peter Seitel aliyachukua maneno hayo yakawa jina la kitabu chake cha ngano za Kihaya, kilichotoka mwaka 1980. Ngano basi ziliandikwa. Wenzetu wa mbali hata chakula cha hadithini wamekihifadhi, kwa maandishi na kwa biashara: vyakula vya vitabu vya Roald Dahl viliandikiwa kitabu chake cha mapishi mwaka 1994, na huko Orlando, Marekani, kinywaji cha Harry Potter kinauzwa kwa foleni tangu 2010. Cha kwetu kimekaa mdomoni mwa watu tu.

Tena kimepungukiwa hata vya kupikia. Mnyauko wa migomba uliingia Kagera mwaka 2006, na walioguswa walilazimika kuing'oa migomba waliyoikuta kwa babu zao. Lakini si mnyauko uliotufundisha kuona haya. Siku hizi mgeni akiandaliwa ndizi na maharage, mwenyeji huanza kwa kuomba radhi kwamba leo hakuna nyama. Tumeanza lini kukionea aibu chakula kilichotulea? Nyumba ambayo maharage ni ya kila siku ndiyo iliyohitaji ngano zaidi, ili maharage ya leo yasifanane na ya jana. Tumeziacha ngano, kisha tunalalamika kwamba watoto wanakinai. Mtoto anakula akiwa amekodolea simu, anaona katuni ya watu wasiowahi kushika jani la mgomba, na tumbo linajaa bila ulimi kuwa na habari.

Liko pishi moja la Bibi linaloniuma kuliko yote. Ni ndizi mbivu zilizopondwa na unga wa mtama, zikafungwa kwa majani katika vifurushi vitatu, na cha kati hufungwa kinyumenyume. Alifundishwa na nyanya yake. Watoto humuuliza ni cha ngano gani, na kwa nini cha kati kigeuzwe, naye husema aliisikia akiwa mdogo mno, imempotea. Nimewauliza wazee wa vitongoji vya jirani. Kila mmoja ananielekeza kwa marehemu.