Mashine ya Kugawa Safari

Tangu Uber ilipoanza kazi Nairobi mwaka 2015, kampuni za namna hiyo zimeongezeka, na nyingi hutegemea hesabu moja: dereva yupi apewe abiria yupi. Wataalamu hukusanya kumbukumbu za safari zilizopita, kisha hutunga hesabu ya kukisia safari zijazo. Yafaa tuipime kazi yao kwa haki.

Katika vituo vya bodaboda, kama hivi vyetu vya Ndalu, desturi ni zamu: atanguliaye kufika hutangulia kubeba. Zamu huwatendea haki waendeshaji, lakini haitazami abiria yuko wapi. Je, tumpe kila abiria pikipiki iliyo karibu naye? Hapo pia pana mtego. Tuseme Juma yuko dakika 2 kutoka kwa mwalimu na dakika 3 kutoka kwa mkulima. Wafula yuko dakika 4 kutoka kwa mwalimu na 12 kutoka kwa mkulima. Mwalimu akiita kwanza akapewa Juma, Wafula atakwenda kwa mkulima, na jumla ya kungoja ni dakika 14. Lakini mashine ikisubiri kidogo na kuwatazama wote wanne pamoja, itampeleka Juma kwa mkulima na Wafula kwa mwalimu: jumla ni dakika 7. Hapo mashine yastahili sifa.

Kasoro yake iko kwingine. Hujifunza kwa yaliyoandikwa tu. Abiria aliyeona bei imepanda akaenda kwa miguu haonekani katika safari zilizohesabiwa. Bibi asiye na simu ya intaneti haachi hata alama. Basi mahali pao huonekana hapana haja, madereva huelekezwa kwingine, na kumbukumbu za kesho huzidi kupungua. Wahenga walisema: asiyekuwepo na lake halipo.

Tena, hesabu haijui mgao wa haki. Mwaka 2022 ilibidi Serikali ya Kenya itoe kanuni kwamba kampuni isimkate dereva zaidi ya asilimia 18 ya nauli. Jambo hilo liliamuliwa na watu, si na mashine.

Kwa hiyo, mwanafunzi, uonyeshwapo hesabu iliyo nzuri, isifu; kisha uliza ni nani hakuhesabiwa, na faida ni ya nani.