Mwanasesere Hukadiriwa Mgongoni

Juzi, barazani kwa watu wanaojinasibu kuwa wajuzi wa wanasesere wa mitindo, nilimwona mmoja akipitishwa mkono kwa mkono hali angali ndani ya boksi lake, kavaa gauni jekundu lililotapakaa vumbi la kumeta, na kila aliyempokea alimsifu kwa sauti ya juu kuliko mwenziwe, hata bei yake ikatajwa kwa taadhima. Wala hapana hata mmoja aliyeona haja ya kufungua kifuniko, kukata vifungio na kumgeuza. Nililipindua boksi nikachungulia kwa ubavuni, nikaona pindo lililogandishwa kwa gundi na ukanda mpana wa velikro ulioteremka kutoka shingoni hadi chini ya kiuno. Hiyo ndiyo kazi iliyosifiwa! Naandika haya kwa hasira, lakini si kwa hasira peke yake. Naandika pia kwa sababu wako mabinti wadogo ambao hununuliwa vitu hivi kwa fedha za jasho, nao wanastahiki kilicho bora.

Mwanasesere asiyetolewa boksini hajakadiriwa. Wanaohifadhi maboksi yasiyofunguliwa huhifadhi thamani ya fedha, na hiyo ni elimu nyingine ambayo sina haja nayo. Utoaji wenyewe wataka subira: vijiti vya plastiki vilivyopenyezwa kichwani hukatwa kwa mkasi mdogo nyuma ya kadibodi, havivutwi abadan, maana kuvuta hupanua tundu na kung'oa nywele. Akishatoka, zitazame nywele penye njia, kama zimepandwa kwa wingi au utosi wachungulia. Nywele za sarani huanguka kwa uzito na kung'aa. Za polipropilini hukauka na kufungamana mapema, na asemaye kuwa hizo mbili ni sawa hajazishika. Bonyeza kichwa kidogo: gundi iliyozidi ndani hupenya siku za usoni na kuzinatisha nywele zote. Midomo isivuke mpaka wake. Na macho yatazame pembeni. Barbie alitazama pembeni tangu alipozaliwa hadi mwaka 1971, alipotolewa yule wa Malibu mwenye macho ya kukodoa mbele, na tangu hapo uso wa mwanasesere umepoteza haya iliyokuwa pambo lake.

Sasa mgeuze. Hapa ndipo mwanagenzi asipofika, kwa kuwa boksi lilimfunza kuwa nguo ni upande wa mbele. Mwanasesere wa aina ya Barbie ana urefu wa inchi 11 na nusu, yaani takriban sehemu moja ya sita ya mwanamke mzima. Lakini kitambaa hakipungui unene kwa sababu mvaaji ni mdogo, wala uzi haupungui, wala meno ya zipu. Kiunoni hukutana marinda ya sketi, kiwiliwili cha gauni, bitana, na upindo wa kila kimoja, na mkutano huo ambao kwa mtu mzima hauonekani, kwa mwanasesere huwa nundu. Kile kiuno chembamba kinacholaumiwa sana kilitetewa na watengenezaji wake kwa hoja hiyo hiyo, kwamba nguo sharti ipate nafasi ya kukaa. Fundi mvivu huikimbia taabu hii kwa kuacha bitana, kwa kukata kitambaa bila ya kukipinda, na kwa kuupasua mgongo mzima ili uzibwe kwa velikro, ambayo kulabu zake hukwaruza nyuzi za gauni na kunasa nywele kila mtoto anapomvisha. Fundi stadi huchagua kitambaa chepesi chenye maua madogo yanayolingana na umbo, hupunguza kingo za ndani mpaka zilale, hufupisha hatua za cherehani, kisha hufunga kwa vishikizo vidogo vya kubana au kwa zipu nyembamba ambayo ukiipandisha haikunji kitambaa. Ukitaka kujua, usitumie macho tu. Ingiza kidole kidogo ndani ya gauni ukipitishe juu ya mshono wa kiuno. Palipo na ustadi kidole hupita bila ya kukwama.

Kazi ya namna hiyo ilikuwapo, na ilikuwa ya kuuzwa madukani kwa watoto. Ruth Handler wa kampuni ya Mattel alipomwona Bild Lilli, mwanasesere wa Kijerumani aliyeanza kuuzwa mwaka 1955, aliazimia kumtoa wake, na ushoni akamkabidhi Charlotte Johnson, mbunifu wa mavazi wa Los Angeles, ambaye alipelekwa Japani akakaa huko kusimamia vitambaa, vifungo na mishono. Barbie alipoonyeshwa New York tarehe 9 Machi 1959 kwa bei ya dola 3, alikuwa na vazi la kuogelea la milia myeusi na myeupe, lakini fahari ilikuwa katika nguo zilizouzwa kando. Nyingi katika zile nguo zilishonwa majumbani na wanawake wa Kijapani, na ukilipindua gauni la miaka ile utakuta bitana iliyotulia na vifungo vinavyofunguka kweli. Bibi mmoja aliyenifunza ushoni, ambaye hakuwahi kujishughulisha na wanasesere, nilipomtia mojawapo mkononi hakulitazama mbele hata kidogo. Alilipindua nje ndani, akalisogeza dirishani, akakaa nalo kimya mpaka chai yake ikapoa, kisha akaniuliza mshonaji ni nani.

Wenye ghashi nao wanajua thamani hii, na aghalabu humkimbiza mnunuzi kwenye miguu ili asifike mgongoni. Barbie wa toleo la kwanza ana matundu nyayoni yenye vibomba vya shaba vya kushikia kisimamio. Basi mlaghai humtwaa wa toleo la baadaye, akamtoboa nyayo, akamwuza kwa jina la mkubwa wake. Mtazame macho: wa kwanza na wa pili wana mboni nyeupe na nyusi zilizochongoka, na ukiona buluu machoni umeshahadaiwa. Wengine huusoma mwaka uliochapwa mwilini, tuseme 1966, wakaapa kuwa ndio mwaka wa kutengenezwa, ilhali huo ni wa hati ya umbo tu, na umbo hilo liliendelea kutumika miaka mingi baadaye. Ghashi iliyo mbaya zaidi ni ya nguo: kitambulisho halali hubanduliwa kwenye gauni lililochanika kikashonewa kwenye gauni la jana. Uzi mpya juu ya matundu ya sindano ya zamani huwaumbua.

Anayeanza kujifunza namshauri aanze na nguo nyeusi isiyo na pambo. Fulla, mwanasesere aliyeingia masoko ya Uarabuni mwaka 2003, alitoka na abaya jeusi, na wasomaji wa pwani waliozoea buibui watanielewa upesi: pasipo lasi wala kumeta, bega lililokaa vibaya halina pa kujificha. Akishajua kulisoma bega hilo, arudi kwenye magauni ya sherehe.

Viatu na mikoba sivipi uzito. Hupotea wiki ya kwanza. Bali nguo sharti ivulike kwa vidole vya mtoto wa miaka saba, mkono ukapita bila ya kung'ang'ania kidole gumba cha mwanasesere, na mgongo ukafungika tena bila ya msaada wa mama. Lile gauni jekundu nilimwomba mwenyewe aniachie nilijaribu hivyo. Alikataa, akasema litaharibika.