Nafsi ya Msemaji katika Santuri ya Kwanza ya Kate Bush

Santuri iitwayo The Kick Inside ilitolewa Uingereza mwezi wa Februari, 1978, mtungaji wake, Kate Bush, akiwa na umri wa miaka 19. Ina nyimbo 13, zote za utungo wake, naye ndiye aimbaye na kupiga piano. Kwa kuwa ni kazi ya msichana, na kwa kuwa nyingi ya nyimbo hizo husema "mimi", aghalabu huchukuliwa kuwa ni maungamo, kana kwamba kila neno ni siri ya aliyelitamka. Rai hiyo haina nguvu. Nafsi ya kwanza katika santuri hii ni vazi la mwigizaji, na sauti ndiyo imwambiayo msikilizaji ni nani aliyelivaa.

Ushahidi wa kwanza umo katika Wuthering Heights, wimbo uliotokana na riwaya ya Emily Brontë ya mwaka 1847. Katika riwaya hiyo wasimulizi ni Lockwood, aliye mpangaji mgeni, na Nelly Dean, mtumishi. Mzuka wa Catherine, aliaye dirishani usiku akitaka kufunguliwa, wajulikana kwa masimulizi ya Lockwood tu. Mtungaji wa wimbo amemwondoa msimulizi: mzuka amepewa nafsi ya kwanza, na Heathcliff amekuwa nafsi ya pili. Ile sauti ya juu mno, ambayo wengine waliiona kioja, yaonyesha kwamba asemaye si wa dunia hii tena. Wala haikuwa maumbile ya koo tu. The Man with the Child in His Eyes, uliorekodiwa mwaka 1975, umeimbwa kwa sauti ya chini na tulivu, maana asemaye ni msichana aliye hai, awazaye peke yake usiku.

Ushahidi wa pili ni wimbo wa mwisho, ambao santuri imepewa jina lake. Asili yake ni Lucy Wan, utungo wa kale wa Kiingereza juu ya dada aliyechukua mimba ya kaka yake. Katika utungo huo dada huuawa na kaka, kisha kaka ndiye ahojiwaye na mama yake. Katika wimbo wa Bush dada mwenyewe amwaga kaka yake kabla ya kujiua. Basi mara mbili mtungaji amemtwaa mwanamke aliyekuwa akisemewa na wengine, akampa kauli. Hakuna awezaye kudai kwamba haya ni maungamo ya binti wa miaka 19. Na kama si maungamo hapa, hakuna sababu ya kudhani kuwa ni maungamo kwingineko.

Santuri hii haikosi kasoro. Vokali zikiimbwa juu sana hukaribiana hata zisipambanuke, ndiyo sababu baadhi ya maneno ya Wuthering Heights hayashikiki kwa urahisi. Tena, katika Oh to Be in Love na L'Amour Looks Something Like You, sauti ya juu yabaki ingawa msemaji hana sura maalum. Hapo alama yapoteza maana, mfano wa kiambishi ambacho kingebandikwa kwenye kila jina bila kujali ngeli. Feel It, wenye sauti na piano tu, waonyesha jinsi mtungaji alivyoweza kusimama bila msaada wa bendi.

Kampuni ya EMI ilitaka kutanguliza sokoni James and the Cold Gun, wimbo wa kishindo ambao ndani yake bendi yaifunika piano. Bush alishikilia Wuthering Heights. Mwezi wa Machi, 1978, wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza Uingereza, ukakaa hapo majuma manne. Hakuna mwanamke aliyekuwa amefika hapo kabla yake kwa wimbo alioutunga na kuuimba mwenyewe. Biashara si kipimo cha sanaa, lakini uchaguzi ule wathibitisha kwamba msichana huyo alizijua kazi zake kuliko waliozinunua. Ahukumuye nyimbo hizi hana budi kuuliza kwanza ni nani asemaye, ndipo aulize ni nani aliyetunga.