Mkusanyo wa Murumbi

Msomaji, kama umepata kufika Nairobi, yamkini umewahi kusimama nje ya Jumba la Nyaraka za Taifa, lililo kati ya Moi Avenue na Tom Mboya Street. Hapo ndipo watu wengi huahidiana kukutana. Mmoja hutazama saa, mwingine hunyosha shingo akimtafuta rafiki yake katika msongamano, na wakiisha kuonana huenda zao. Ni wachache wanaofikiri kwamba nyuma ya ukuta ule wanaouegemea pana maonyesho ya sanaa yanayohusu jambo lile lile lililowaleta pale, yaani mtu kumtafuta mwenzake.

Maonyesho hayo ni mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966. Alizaliwa mwaka 1911, baba yake Mgoa na mama yake Mmaasai. Alipelekwa India kusoma angali mtoto, na aliporudi katika miaka ya 1930 aliikuta nchi imegawanywa kwa rangi, kila mtu akitakiwa akae upande mmoja. Ujanani alijulikana kwa jina la baba yake, Zuzarte. Baadaye akachagua kuitwa Murumbi, jina la upande wa mama. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Je, mwenye kwao kuwili afanyeje? Swali hili ndilo ufunguo wa maonyesho. Asiyelishika ataona vitu vingi, asione maana yake.

Ukiingia utakuta vinyago, vigoda, silaha, nguo na mapambo kutoka pembe nyingi za Afrika. Bila shaka macho yako yatatafuta kwanza vitu vya watu wako. Usione haya, ndivyo tulivyo sote. Lakini usiishie hapo. Chukua mfano wa kigoda. Kila fundi, popote alipokaa, aliulizwa swali moja: mtu aketi vipi kwa heshima? Mmoja alijibu kwa miguu mitatu, mwingine kwa nakshi, mwingine kwa shanga. Majibu ni mbalimbali, swali ni moja. Ukitoka kwenye kigoda cha mgeni ukarudi kukitazama cha kwenu, utakiona upya, kwa maana sasa unajua kwamba kingaliweza kuchongwa vingine. Hapo ndipo ninapoiona akili ya Murumbi. Hakuutupa upande wake mmoja ili aupate wa pili. Aliipanua kwao hata ikawa bara zima.

Tena alikusanya vitabu, na miongoni mwake vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900 ni zaidi ya 8,000. Vingi viliandikwa na wageni waliokuja kulitazama bara letu. Basi katika mkusanyo mmoja yamo macho ya aina mbili: katika vitabu, Mwafrika anatazamwa, katika sanaa, Mwafrika mwenyewe anatazama. Mwenye busara hayafumbi ya upande wowote, bali huyapima.

Hata hivyo mhakiki hana budi kusema na kasoro. Vitu vingi vya namna hii vilikusanywa bila kuandikwa jina la aliyevitengeneza. Twaambiwa kabila au nchi, lakini hatuambiwi fundi. Nami naliona hilo kuwa hasara kubwa, kwa sababu kabila halishiki tezo. Aliyeishika alikuwa mtu mmoja, mwenye mkono wake, mashaka yake na furaha yake. Twaweza kulistaajabia kabila, lakini hatuwezi kufanya urafiki nalo. Urafiki huanza kwa jina.

Kwa hiyo nakushauri usimalizie ziara yako pale. Nenda hadi bustani ya City Park, huko Parklands, alikozikwa Murumbi. Hapo pamewekwa sanamu za wachongaji tunaowajua kwa majina, kama Elkana Ong'esa wa Kenya na Francis Nnaggenda wa Uganda. Usizitazame kwa kusimama mahali pamoja. Picha ya ukutani ina mbele tu, bali sanamu haina mbele peke yake. Izunguke polepole, na kila hatua itakupa umbo jingine. Mtu naye ni vivyo hivyo. Anayemtazama kwa rangi au kwa jina la baba yake amesimama mahali pamoja.

Karibu na hapo liko kaburi la Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyezaliwa Nairobi mwaka 1927, akauawa kwa risasi tarehe 24 Februari 1965. Alikuwa rafiki wa Murumbi na mwenzake katika siasa tangu mwanzo wa miaka ya 1950. Murumbi alipofariki mwaka 1990, alilazwa karibu na rafiki yake, kama alivyotaka. Mtu aliyeulizwa maisha yake yote kwao ni wapi alitoa hapo jibu la mwisho: kwao ni alipo rafiki yake.

Basi msomaji, siku nyingine utakapomngojea mwenzako nje ya jumba lile, naye akakawia, usihesabu dakika. Ingia ndani. Na atakapofika, mwingize naye.