Tamasha Moja, Majina Mawili: Wimbo wa Ibada katika Mji wa Fes

Jina la kitu aghalabu hubeba ahadi yake, na kitu kimoja kinapopewa majina mawili yasiyolingana, mwenye kuhakiki ana haki ya kuuliza ni ahadi ipi inayotimizwa. Ndivyo lilivyo tamasha la nyimbo lililoanzishwa mwaka 1994 katika mji wa Fes, nchini Moroko. Kwa Kifaransa huitwa Tamasha la Muziki Mtakatifu wa Ulimwengu. Kwa Kiarabu, lugha ya wenyeji wa mji, jina lake halina neno la utakatifu. Husema habari ya muziki wa ulimwengu wenye asili ya kale na mizizi mirefu. Mgeni huahidiwa utakatifu, na mwenyeji huahidiwa ukale. Katika tofauti hiyo ndogo ya maneno imo sifa kubwa ya tamasha hilo, na imo pia hatari yake.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kusafiri ili autambue uzito wa jambo hili. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki Kurani husomwa, adhana huadhiniwa, Maulidi husomwa na kasida hughaniwa. Lakini mtu akiyaita mambo hayo muziki, wazee watamkata kauli. Habib Saleh, mwanachuoni mwenye asili ya Ngazija aliyeweka msingi wa Riyadha huko Lamu, alipoyapa matari nafasi katika Maulidi, walitokea wenzake katika elimu waliompinga, kwa kuona kwamba ngoma imeingizwa mahali pa ibada. Wakristo nao hawakusalimika na mzozo wa namna hiyo. Makanisa mengi yaliizuia ngoma kwa miaka mingi, na kwa Wakatoliki mlango wake haukufunguka barabara mpaka baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliokaa tangu 1962 hadi 1965. Kwa hiyo kuiweka ibada jukwaani, na kuiita muziki, ni tendo lililohitaji ushujaa, na ushujaa huo lazima upimwe kwa matunda yake.

Tamasha la Fes lilizaliwa katika huzuni. Vita vya Ghuba vya 1991 vilikuwa vimezidisha chuki na dhana mbaya baina ya Waarabu na watu wa Magharibi. Faouzi Skali, mwanaanthropolojia wa Moroko na mfuasi wa njia ya Kisufi, alianza kwa kukusanya filamu zilizohusu imani mbalimbali na kuwaalika watu wazitazame pamoja. Kutoka kwenye filamu alihamia kwenye nyimbo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleza na nzito kutekeleza: watu wasioweza kukubaliana katika itikadi wanaweza kukaa ua mmoja na kusikilizana wakimtaja Mungu, kila mmoja kwa lugha yake. Jumuiya ya raia wa Fes, isiyotafuta faida, ndiyo iliyobeba mzigo wa kwanza.

Mji wenyewe ulistahili kazi hiyo. Fes ina msikiti wa Qarawiyyin, ambao kwa mapokeo ulijengwa na mwanamke, Fatima al-Fihri, mwaka 859. Ina pia Mellah, mtaa wa Wayahudi ulioanza katika karne ya 15. Waislamu na Wayahudi waliofukuzwa Hispania walikimbilia Moroko wakiwa na urithi mmoja wa nyimbo za Andalusi. Sauti ileile iliyobeba sifa za Mtume katika nyumba moja ilibeba mashairi ya Kiebrania katika nyumba ya pili. Wayahudi wengi wa Fes walihama baada ya 1948, na nyumba zao zikapata wenyeji wengine. Mwimbaji wa Kiyahudi anaporudi katika mji huo na kuimba, hakuna mwalimu anayehitajika kueleza maana ya mkutano wa dini. Sikio la msikilizaji wa Kimoroko hutambua lahani ambayo lilidhani ni yake peke yake.

Hali kadhalika Marie Keyrouz, mtawa wa Lebanoni aliyeimba katika tamasha hilo, huimba nyimbo za makanisa ya Mashariki, nyingi zikiwa kwa Kiarabu. Mwislamu anayemsikiliza hana budi kukutana na jambo ambalo vitabu vya shule havikumwonyesha: lugha anayosalia humtukuza Mungu pia kinywani mwa Mkristo, na humo haionekani kuwa ngeni. Mafanikio ya namna hii hayatokani na wingi wa mataifa jukwaani. Yanatokana na kuchagua nyimbo zenye udugu wa kweli na mahali zinapoimbwa. Pale tamasha linapoweka kundi kutoka nchi ya mbali baada ya kundi la nchi nyingine ya mbali, bila uhusiano wowote isipokuwa mavazi ya kupendeza, msikilizaji hupata burudani kubwa na elimu ndogo.

Hapo ndipo ukuaji unapoleta mtihani wake. Mwaka 2001 Umoja wa Mataifa ulilitaja tamasha hili miongoni mwa matukio yaliyosaidia mazungumzo ya staarabu mbalimbali, na mwaka huohuo likaongezewa baraza la majadiliano ya asubuhi, lenye nia ya kuupa utandawazi roho. Mwaka 2004 wasanii wake walizunguka Marekani. Mwaka 2006 likaundwa shirika kubwa zaidi, Wakfu wa Roho ya Fes, lisimamie tamasha na shughuli nyingine za utamaduni. Jumuiya ndogo ilikuwa imegeuka taasisi yenye wafadhili, wageni wa heshima na jina la kulindwa.

Mtu anayetaka kulipima tamasha hili na alitazame kwa mahali pake. Mahali pa kwanza ni Bab Makina, ua mpana wenye kuta ndefu, kando ya kiwanda cha zamani cha silaha. Hapo ndipo wasanii mashuhuri huimba usiku, na msikilizaji huingia kwa tikiti. Taa ni nzuri, sauti hukuzwa kwa mitambo, na viti vya mbele vina wenyewe. Mahali pa pili palikuwa bustani ya jumba la makumbusho la Batha, chini ya mti mkubwa wa kale, ambapo nyimbo za alasiri zilichanganyika na sauti za ndege. Mahali pa tatu, kwa miaka mingi, palikuwa bustani ya Dar Tazi. Huko, usiku wa manane ukikaribia, tarika za Kimoroko zilifanya dhikri bila malipo mlangoni. Wageni walikaa na wenyeji, na wenyeji wengi hawakukaa kama watazamaji. Waliitikia, kwa sababu walikuwa wakiyajua maneno.

Wimbo wa ibada una viungo vitatu: maneno, sauti na jamaa ya waitikiaji. Jukwaa la Bab Makina linaweza kuvichukua viwili vya kwanza kwa ustadi. Cha tatu hukiacha nyumbani. Dar Tazi ilivichukua vyote vitatu, ijapokuwa haikuwa na umaarufu wa Bab Makina. Hukumu juu ya taasisi hii inategemea sana ni mahali papi inapopathamini zaidi.

Mfano wa Youssou N'Dour wa Senegali unafaa kuzingatiwa. Mwaka 2004 alitoa mkusanyo wa nyimbo uitwao Egypt, alioufanya pamoja na Fathy Salama wa Misri, akiwasifu masheikh wa tarika za kwao. Nyimbo hizo ziliimbwa Fes na kupigiwa makofi. Kwao Senegali zilipokelewa kwa ukali. Wako waliosema kwamba mwimbaji wa madansi hana idhini ya kuwataja watakatifu katika biashara yake, na wauzaji walirudisha kanda. Mwaka 2005 mkusanyo huo ulipata tuzo ya Grammy huko Marekani, na baada ya hapo hukumu ya nyumbani ikalainika. Jambo hili lina uchungu wake. Katika mji huohuo wa Fes limo kaburi la Sheikh Ahmad Tijani, aliyefariki mwaka 1815, na Wasenegali wa tarika yake huja kulizuru. Mwenye kuzuru na mwenye tikiti wanaweza kupita kichochoro kimoja siku moja, wakiwataja masheikh walewale, na kila mmoja akaona kwamba mwenzake hajaelewa.

Watetezi wa jukwaa husema kwamba wimbo uliofungiwa katika zawiya hauwezi kumfikia jirani wa dini nyingine, na kwamba tikiti ya tajiri humlisha msanii maskini. Maneno hayo yana haki, na haifai kuyabeza. Mkristo wa Paris hataalikwa katika dhikri ya familia ya Fes. Bila jukwaa angekufa na dhana yake. Lakini hoja hiyo huhalalisha jukwaa kama mlango tu. Mlango hujengwa ili watu waingie ndani, na taasisi inayoupamba mlango kila mwaka huku ndani kukipungua watu imeanza kusahau kazi yake.

Fes haijafika huko. Kwa miaka mingi imewapa watu wa mji nyimbo za bure katika uwanja wa Bab Boujloud, na usiku wa tarika ulidumu huku wakfu ukikua. Ila heshima ya nje huvutia kama sumaku, na msanii mwenye jina huuza viti zaidi kuliko mzee anayejua kasida mia. Taasisi itakayoweka akiba ya fedha na muda kwa ajili ya mzee huyo, ikamweka kijana ubavuni mwake ili ajifunze, itakuwa imelitendea haki jina la Kiarabu, lile la mizizi. Na itakapohakikisha kwamba mwenyeji asiye na tikiti anaitikia wimbo katika mji wake mwenyewe, pamoja na mgeni wa imani nyingine aliyeketi karibu naye, jina la Kifaransa nalo litakuwa limesema kweli.