Mashine ya kupumulia nyumbani: kazi iko kwenye kipimo

Mwaka 2017, Patrick Murphy, Nicholas Hart na wenzao walichapisha katika jarida la JAMA matokeo ya jaribio la Uingereza. Wagonjwa 116 wa mapafu, walio na ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa oksijeni ya nyumbani peke yake. La pili lilipewa oksijeni pamoja na mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa usiku. Ndani ya miezi 12, uwezekano wa kulazwa tena au kufariki ulikuwa asilimia 63.4 kwa waliotumia mashine, na 80.4 kwa wenzao.

Lakini mwaka 2014 jaribio la Uholanzi la mashine ya aina hiyo, lenye wagonjwa 201, halikuona nafuu hiyo. Kwa nini?

Jibu lenye uzito zaidi liko kwenye siku ya kupima. Waholanzi walimwingiza mgonjwa ambaye hewa ukaa katika damu ilikuwa bado juu baada ya zaidi ya saa 48 tangu aachishwe mashine ya hospitalini. Baadaye ikashuka hata kwa wasiopewa mashine: mapafu yalikuwa yanajirudi yenyewe. Waingereza walingoja wiki mbili hadi nne baada ya asidi iliyozidi kuisha kwenye damu, ndipo wakapima. Ambaye hewa ukaa yake ilizidi milimita 53 za zebaki ndiye aliyechukuliwa. Walichunguza watu 2,021. Waliofaa walikuwa 124, na 116 kati yao ndio waliogawanywa.

Jambo la pili ni nguvu ya hewa: kwa Waingereza, kwa kawaida sentimita 24 za maji wakati wa kuvuta pumzi, 4 wakati wa kuitoa. Shinikizo kubwa hivyo huipumzisha misuli ya kifua na kuiondoa hewa ukaa.

Sasa tuilete mashine hii Kanazi, mkoani Kagera, Tanzania. Wengi watataja umeme, maana Kagera kwa miaka mingi iliutegemea wa Uganda, na umeme hukatika. Tupige hesabu. Mashine ya wati 40, bila kipasha unyevu, kwa saa 8 hula wati-saa 320. Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100, ukitumia nusu yake tu, hutoa 600. Usiku unapita. Mzigo ni mashine ya kuzalisha oksijeni: wati 350 kwa saa 15 za siku ni zaidi ya wati-saa 5,000.

Kikwazo kigumu zaidi ni kumjua mgonjwa anayefaa. Kile kifaa cha kubana kidoleni husoma oksijeni. Hewa ukaa hakiioni. Hiyo kwa kawaida hupimwa kwa damu ya ateri, kwa mashine ya hospitali kubwa.

Kwa hiyo mfadhili anayetaka kuleta barakoa Kagera aanze na kipimo cha gesi za damu mjini Bukoba, vitendanishi visivyokatika, na nauli ya mgonjwa kurudi wiki ya tatu. Pasipo hayo, atavalishwa mashine mtu ambaye angepata nafuu bila hiyo, na anayeihitaji ataikosa.