Vidaka vya Pate, kopo la Wampembe

Mwaka jana mhariri wangu aliniagiza makala ya ukurasa wa nyumbani: nafasi za kuhifadhia vitu ambazo wapangaji wa Dar es Salaam huwa wanazisahau. Si kazi ya kujivunia sana kwa mtu aliyesoma fasihi, lakini kodi ya chumba hailipwi kwa mashairi. Nikaandika. Uvungu wa kitanda, nyuma ya mlango, juu ya kabati, chini ya ngazi, ule mwanya kati ya friji na ukuta. Makala ile ikasomwa kuliko uchambuzi wowote niliowahi kuandika. Ndivyo dunia ilivyo.

Wiki chache baadaye nilikwenda Wampembe kuanua matanga ya bibi, mama mzaa baba. Kutoka Sumbawanga unapita Namanyere, halafu barabara inaanza kuuacha uwanda wa juu wa Ufipa na kuteremka milimani mpaka ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Nyumba ya bibi ina vyumba viwili na jiko la nje. Tulitakiwa kutoa kila kitu ili fundi abadilishe bati. Na humo ndani nikagundua kwamba makala yangu ilikuwa ya kitoto.

Bibi hakuwa na kabati hata moja, lakini hakukuwa na mahali pasipo na kazi. Juu ya mafiga kulikuwa na uchaga mweusi kwa masizi, na mahindi ya mbegu yalikaa hapo ili moshi uwafukuze wadudu. Maharage yalikuwa ndani ya chungu, yamechanganywa na majivu kwa sababu hiyo hiyo. Uvunguni kulikuwa na masufuria ya shughuli, yale yanayotoka kwenye harusi na misiba tu. Kwenye mlango, misumari mitatu: mwavuli, rozari, kikapu. Chini ya godoro, vitenge vilivyokunjwa vikanyooka bila pasi. Orodha yangu yote aliijua, na alikuwa na sehemu moja ambayo mimi sikuiandika: pale juu kabisa ukuta unapoishia, kabla bati halijaanza. Fundi ndiye aliyeipata. Akapitisha mkono akatoa kopo la maziwa ya unga, limefungwa kwa kipande cha khanga, na juu ya khanga limezungushiwa uzi wa nyavu, fundo juu ya fundo.

Watu wakanyamaza.

Msomaji ambaye hajakaa mkoani Rukwa huenda asielewe ukimya ule. Jina la Sumbawanga, kwa tafsiri tuliyokua nayo sote, ni amri: tupa uchawi. Sifa hiyo imetiwa chumvi sana na watu wa mbali, nasi wenyewe tumeifanyia utani. Lakini kitu kilichofungwa mafundo, kikafichwa darini juu ya kitanda cha kikongwe, si utani kwa mtu yeyote. Baba mdogo alirudi nyuma hatua mbili.

“Hilo halifunguliwi,” akasema. “Linaenda ziwani kama lilivyo.”

Majirani walikuwa uani. Ningesema nini? Kama kopo lingetupwa bila kufunguliwa, kila aliyekuwepo angeondoka na kopo lake kichwani, na ndani yake angeweka anachotaka. Bibi aliyezikwa vizuri, kwa heshima zote, angezikwa mara ya pili kwa minong'ono.

Niache kopo hapo kidogo, kwa sababu ukimya ule ulinirudisha kwenye shairi ambalo nilikuwa nimelisoma chuoni na kudhani nimelimaliza.

Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate alitunga Al-Inkishafi takribani miaka 200 iliyopita. Anausemesha moyo wake mwenyewe, anauonya usidanganywe na dunia, na ili aueleze vizuri anaupeleka ndani ya majumba ya matajiri wa Pate yaliyobomoka. Hapo ndipo tunapovikuta vidaka. Kidaka, kwa asiyekijua, ni kishubaka kinachochongwa ndani ya ukuta mnene wa mawe. Katika nyumba za mwambao vilipangwa safu kwa safu, vikawekwa sahani na bakuli za kaure zilizovuka bahari. Mshairi anatuonyesha kwamba mahali pa sahani zile sasa wanalala makinda ya ndege. Popo wananing'inia, mende wanavuma vyumbani.

Shuleni na vyuoni tunafundishwa kuusoma ubeti huo kama onyo dhidi ya kiburi: tazama, walijikusanyia, na mwisho wake ni huu. Sibishi kwamba ndivyo mshairi alivyokusudia. Ninachobisha ni mazoea yetu ya kuishia hapo. Mtu anayejua sahani zilikaa wapi ni mtu aliyeingia ndani ya nyumba hizo. Angeweza kusema utajiri umekwisha, akaendelea na safari; maonyo ya namna hiyo yapo tele na hatuyakumbuki. Yeye alikwenda ukutani, akatafuta tundu dogo ambalo mwingine angelipita, na kwa tundu hilo tukaiona familia nzima ambayo haipo. Kidaka kinahukumu, sawa. Lakini pia kinatunza. Bila hicho, Pate ile ingebaki jina tu.

Gede, karibu na Malindi, iko vivyo hivyo. James Kirkman alipoanza kuchimba magofu yale mwishoni mwa miaka ya 1940, majina ya wenye nyumba yalikuwa yamekwisha kupotea. Kwa hiyo nyumba zikaitwa kwa vitu vilivyokutwa ndani: nyumba ya mkasi, nyumba ya bakuli la kaure, nyumba ya kauri za pwani. Nilipofika huko kwa mara ya kwanza niliona ni kichekesho kidogo. Umejenga nyumba ya mawe, una choo na ua, halafu unaitwa mkasi! Baada ya Wampembe sicheki tena. Kilichosahaulika pembeni ndicho kilichowabakizia jina.

Hata hivyo nina ugomvi na Sayyid Abdallah, na nitausema kwa adabu. Nyumba anayotuingiza ni ya mbele: kumbi, vidaka, taa. Jikoni hatufiki. Waliozifuta vumbi zile sahani, wengi wao watumwa, hawana hata shubaka katika ubeti wake. Tunalia na wenye kaure, wenye uchaga hatuwaoni. Na hili si kosa lake peke yake. Fasihi andishi ya Kiswahili, kwa muda mrefu, ilipoingia nyumba ya maskini ilihesabu kisichokuwepo: hakuna kiti, hakuna taa, hakuna chakula. Ni mara chache mwandishi amesimama akauliza, je, kilichopo kimewekwa wapi, na kwa akili gani?

Euphrase Kezilahabi alilikaribia swali hilo katika Rosa Mistika, riwaya ya mwaka 1971, ingawa kwa njia ya maumivu. Rosa anapata barua ya mvulana, baba yake Zakaria anaijua, na msichana anapigwa. Tumejadili sana ukali wa Zakaria, na ndivyo inavyostahili. Lakini nilipoirudia riwaya mwaka huu nilijikuta nauliza jambo dogo: binti yule angeiweka wapi barua yake? Katika nyumba ya kijijini Ukerewe, yenye wadogo kibao na baba asiyebisha hodi, nafasi ya siri si anasa. Ni tofauti kati ya kuwa mtu mwenye mambo yake na kuwa mali ya nyumba. Naamini kipigo kile kinauma zaidi ukikumbuka kwamba Rosa hakuwa na hata tundu la ukubwa wa bahasha ambalo ni lake peke yake.

Na kwa nini kitu kilichofichwa kinatutia shaka upesi hivyo? Nadhani hadithi zenyewe zimetufundisha. Tangu Muhammed Said Abdulla alipotuletea Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, wengi wetu tumekua na hadithi za upelelezi, na kwenye upelelezi kitu kilichofichwa ni ushahidi. Ndiyo raha yake, na mimi ni mmoja wa walevi wa raha hiyo. Lakini huo ni usomaji mmoja tu. Baba mdogo, pale chini ya bati lililofunuliwa, alikuwa anasoma kama mpelelezi: kimefichwa, kwa hiyo kuna hatia.

Shangazi alisoma tofauti. Alimtazama kaka yake, akamtazama fundi, akasema, “Huu ni uzi wa nyavu za marehemu baba. Mama alikuwa akifungia kila kitu. Hata kuku.” Akachukua kisu.

Ndani kulikuwa na barua saba. Zote zangu.

Nilisoma sekondari Kigoma, na miaka hiyo MV Liemba ilikuwa bado inashuka kusini kupitia vijiji vya ziwani. Nilikuwa namtafuta abiria wa Wampembe, nampa bahasha. Wasafiri wa meli ile wanaijua historia yake: Wajerumani waliileta vipande vipande, wakaiunga Kigoma, na mwaka 1916, wasije wakanyang'anywa, wakaizamisha wenyewe, injini zikiwa zimepakwa grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na kufikia 1927 ilikuwa inasafiri tena. Kumbe hata meli inaweza kuwekwa akiba mahali ambapo mtu hatazamii, ikasubiri.

Barua nne zilikuwa zimefunguliwa, tatu zilikuwa bado zimegundishwa. Bibi hakujua kusoma. Mtoto wa jirani ndiye aliyekuwa anamsomea, mpaka alipoolewa akahama. Nyuma ya bahasha nilikuwa na tabia ya kuandika tarehe, kwa hiyo niliitambua mara moja ile ya mwaka 2006. Mwaka huo babu alifariki na mimi sikuja kumzika. Nilikuwa na mtihani, na kusema kweli nilikuwa na uoga pia. Katika barua ile niliomba radhi, kurasa mbili. Bibi hakuwahi kuniambia kitu juu yake, na kwa miaka yote nilidhani amenisamehe kimya kimya. Kumbe hakuwahi kujua kwamba nimeomba.

“Mbona hakumpa mtu mwingine amsomee?” nikamuuliza shangazi. “Shule si ipo hapo?”

“Nilimwambia hivyo hivyo, mwanangu. Akasema hataki mambo yako yapite kwenye kila mdomo. Akasema utakuja kusoma mwenyewe.”

Nilikwenda mara nne baada ya hapo. Simu zilikuwa zimefika, tukawa tunaongea, barua nikazisahau. Sikumuuliza. Naye hakunitolea kopo. Labda alikuwa anangoja niulize.

Najua wapo watakaosema nimelitoa shairi kubwa la kidini mahali pake na kulifananisha na kopo la maziwa. Nakubali kwamba Sayyid Abdallah alikuwa anazungumzia kifo na akhera, si usafi wa nyumba. Lakini sioni namna nyingine ya kumlipa mshairi aliyetufundisha kutazama ukutani, isipokuwa kutazama na kuta ambazo yeye hakuzifikia. Zipo chache sana katika vitabu vyetu. Ningependa kusoma riwaya ya Kiswahili inayoujua uchaga kama yeye alivyokijua kidaka: nini kinawekwa juu yake, nani anaruhusiwa kugusa, na nini hutokea siku mgeni anapopandisha mkono. Kama ipo na sijaisoma, nitajieni, nitaitafuta.

Na kama ningeiandika upya ile makala ya mhariri, ningeongeza mstari mmoja: kabla hujaondoa vitu kwenye nafasi uliyoigundua, muulize aliyeviweka, maadamu bado yupo.

Baba mdogo hakusema tena habari za ziwa. Jioni alinisaidia kurudisha masufuria uvunguni, na kabla ya kulala alikuja mlangoni akauliza kama katika zile barua kuna mahali nimemtaja. Yapo mawili. Nikamsomea.

Zile tatu sijazifungua. Najua kilichomo, niliandika mwenyewe. Kopo liko Dar es Salaam, kwenye ule mwanya kati ya friji na ukuta.